Babu Aliyekufa Kabla ya Kumzaa Binti Yake

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu na simu mkononi mkisema, "Mama Faili, tutafutie babu yetu, alikuwa askari wa Mwingereza," kwanza kaeni chini mnywe chai. Babu yenu amelala kwenye karatasi tangu vita vya dunia. Hatakimbia kabla kikombe hakijaisha.

Mimi nimestaafu. Kazi yangu yote ilikuwa kutoa faili, kurudisha faili, na kuwakemea watu wasilambe vidole wakifungua kurasa, katika chumba cha kumbukumbu huko Nairobi. Niliporudi nyumbani Isiolo nilidhani nitafuga kuku. Kuku nimewafuga, lakini mji huu umejaa wajukuu wa askari, na habari zilipoenea kwamba kuna mama anayejua mahali mababu wamehifadhiwa, lango langu halikupumzika tena. Wanakuja wenye maduka na malori, ambao babu zao waliletwa hapa na jeshi wakabaki. Wanakuja pia wafugaji ambao babu zao walichukuliwa malishoni bila kujua wanapelekwa wapi. Wote wanataka kusikia kwamba babu alishika bunduki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba nimtafutie babu aliyemenya viazi, ingawa wengi walimenya viazi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutiso, mkuu wa chumba chetu, mtu mfupi aliyevaa makoti mawili mwaka mzima na kula njugu kwa siri nyuma ya makabati. Nilipokuwa mgeni alinipa rejista ya askari walioandikishwa kaskazini, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona ukoo mkubwa ajabu wa watu wanaoitwa Imbeku. Kila ukurasa ulikuwa na mwana wa Imbeku.

Mzee Mutiso akatafuna njugu, akasema, "Hicho ni Kiborana. Maana yake ni 'sijui.' Karani aliwauliza jina la baba kwa Kiswahili, nao wakamjibu."

Tangu hapo niliziheshimu karatasi, lakini sikuzisujudia. Mzee Mutiso alipenda kusema karatasi haidanganyi, ila aliyeiandika alikuwa na njaa na foleni ilikuwa ndefu. Kwa hiyo, wanangu, mkitafuta jina, litafuteni jinsi sikio la mgeni lingelisikia. Guyo mtamkuta ameandikwa Kuyu, Halake mtamkuta ameandikwa Alaki. Tazameni aliandikishwa wapi na chifu wake alikuwa nani. Igeuzeni karatasi, maana makarani walikuwa na tabia ya kuandika ukweli kwa nyuma, kwa kalamu ya risasi. Na mkikuta karatasi na watu wa nyumbani hawapatani, msikimbilie kuuliza nani mwongo. Ulizeni ni nani aliyesimama karibu na huyo askari kwenye foleni.

Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa katika habari ya Jama Warsame.

Alinijia mjukuu wake, Abdirashid, mwenye malori ya kubeba vitunguu kutoka Rapsu. Kwenye mlango wa lori moja alikuwa amechorewa askari mwenye bunduki mkono huu na bunduki mkono ule, na chini yake maneno: MJUKUU WA SIMBA WA BURMA. Wazee wa jamii yao walikuwa wanajenga ukuta wa kuandika majina ya mababu waliotumikia jeshi, nyuma ya ukumbi wao. Katibu wao, Mzee Farah, alidai kila jina liletewe ushahidi, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuingiza babu waliouza tumbaku.

"Salaam aleikum, Mama Faili," Abdirashid akasema. "Nitafutie Simba wangu."

Nikapanda gari kwenda Nairobi, kwenye chumba changu cha zamani. Nilimpata Jama upesi mno, na jambo hilo lingepaswa kunitisha. Jama Warsame, mtu wa Isiolo. Kazi, mpishi wa maofisa. Alikufa kwa homa huko Burma, akazikwa huko huko kwa taratibu za Kiislamu.

Nikaleta nakala. Abdirashid aliisoma langoni kwangu, kwanza kimya, kisha kwa sauti, kwa sababu mama yake alikuwa ameketi garini na alitaka kusikia. Mama yake anaitwa Hawa, mama wa miaka sabini na kitu, mpole, mwenye sauti ya chini.

"Alikufa wapi?" akauliza.

"Burma, Mama."

"Vitani?"

"Vitani."

Hawa akafikiri. "Mimi nilizaliwa baada ya vita," akasema. "Baba alikuwa ananibeba begani kwenda sokoni."

Kuku wangu mmoja aliingia garini na hakuna aliyemfukuza.

Labda mnacheka. Mji haukucheka kwa muda mrefu. Mzee Farah aliisoma karatasi mbele ya kamati yake, akaikunja, akasema kuna njia mbili tu. Ikiwa Jama alikufa Burma, basi huyu Hawa ni mtoto wa nani? Na ikiwa Jama alirudi, basi alitoroka jeshi, na ukuta si wa watoro. Abdirashid akamwambia babu yake alikuwa shujaa na pia alirudi. Mzee Farah akajibu, bila ubaya wowote, "Ukuta una upande wa waliokufa na upande wa waliorudi. Hatukutenga upande wa waliofanya yote mawili."

Maneno yakatoka kwenye kamati yakaingia sokoni. Mama mzazi wa Hawa, aliyezikwa zamani, akaanza kuhukumiwa upya na wanawake ambao hawakuwahi kumwona. Hawa akiingia harusini, mazungumzo yanashuka. Akaacha kwenda harusini. Abdirashid akaja kwangu, hakutaka chai.

"Mama Faili," akasema, "hiyo karatasi yako imeniharibia nyumba."

Tukaenda kwenye ofisi fulani inayoshughulikia mambo ya namna hiyo, tuombe rekodi irekebishwe. Sitaitaja, kwa kuwa yule kijana tuliyemkuta alikuwa na adabu kuliko maofisa wengi niliowajua. Alimpa Hawa kiti chake mwenyewe.

"Mnasema rekodi ina makosa," akaanza.

"Ndiyo," Hawa akasema. "Inasema baba yangu alikufa."

"Na hakufa?"

"Alikufa. Lakini si wakati huo."

Kijana akaandika. "Kwa hiyo tunakubaliana kwamba amekufa."

"Alikufa hapa Isiolo. Mimi nilikuwa msichana mkubwa."

"Naelewa, Mama. Sasa, anayelalamikia rekodi ya askari ni askari mwenyewe. Aje na kitambulisho."

"Askari mwenyewe ni marehemu," nikasema mimi.

"Basi rekodi iko sawa."

Kijana alituonea huruma kweli. Mwishoni akainama kwa Hawa, akamwambia kwa upole kwamba angeweza kusaidia ikiwa ataleta ushahidi kuwa baba yake alikuwa hai siku ile aliyokufa.

Hawa akamshukuru. Alikuwa ameshuka ngazi zote ndipo akasema, kama anayejisemea, "Na upishi wameutoa wapi? Baba hakujua hata kuchemsha chai. Mama akiugua tulikuwa tunakula tende."

Nikasimama. Mtu anaweza kuandikwa amekufa kwa makosa. Kwa nini aandikwe mpishi? Nikamkumbuka Mzee Mutiso na foleni yake, nikarudi Nairobi kutafuta ni nani aliyesimama karibu na Jama.

Siku aliyoandikishwa Jama, kutoka Isiolo waliandikishwa wawili kwenye kikosi kile. Wa pili alikuwa Mturkana wa Ngaremara, jina lake Ekai. Kazi, mchunga nyumbu. Hali yake mwishoni mwa vita, ameachiliwa kwa heshima, amerudi Isiolo.

Nilipomwambia Abdirashid, aliuliza jeshi lilikuwa linafanya nini na nyumbu huko Burma, na waliwavushaje kutoka mbugani. Ikabidi nimweleze kwamba nyumbu mwingine ni mtoto wa punda na farasi, na ndiye aliyebeba mizigo ya jeshi milimani. Nia yangu ilikuwa ndogo. Ekai alirudi, basi labda aliwahadithia watu wake jinsi rafiki yake alivyokufa, au alivyokosa kufa.

Ngaremara nilielekezwa kwa binti yake, Akai, mama mzee aliyeuza chai na makaa kando ya barabara kuu. Nikanunua chai. Hapo nawaombeni msikie vizuri: usimuulize mzee swali kabla hujamaliza alichokupa, hata kikiwa na moshi.

"Habari, Mama," nikasema.

"Mzuri. Wewe ni wa kanisa ama wa serikali?"

"Mimi ni wa faili."

"Basi ni wa serikali."

Kikombe kilipoisha nikamtaja Ekai. Akageuza uso akatema mate pembeni.

"Hiyo mtu ni baba yangu," akasema. "Aliacha mimi kwa tumbo. Vita iliisha, mama yangu akaenda kuuliza kwa ofisi. Akaambiwa, bwana yako amerudi, amechukua karatasi yake, ameenda. Mama akangoja. Hakuna mtu. Akajua amepata bibi mwingine huko town. Alimlaani mpaka siku alikufa. Kwa sisi hakuna mtoto anaitwa Ekai."

Nikamwambia pole. Kisha, kwa kukosa la kusema, nikamwambia karatasi inasema alichunga nyumbu, wanyama kama punda, na kwamba aliwachunga vizuri.

Akai alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akajifuta macho na leso.

"Ekai? Punda? Hiyo mtu alikuwa anaogopa punda kuliko simba. Alipigwa teke akiwa mtoto. Watu wakihama, wanawake wanapakia punda, yeye anaenda mbele kabisa na mbuzi. Walimtungia wimbo. Ati Mzungu alimpatia punda?"

"Alipenda kazi gani?"

"Kupika. Alikuwa anakaa na wanawake kwa moto, anaonja. Wanaume walimcheka hiyo pia."

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa na mpishi asiyejua kuchemsha chai, na mchunga nyumbu anayekimbia punda. Nikauliza polepole kama hakuna askari yeyote aliyewahi kufika pale baada ya vita.

"Hakuna," Akai akasema. "Ni yule wazimu tu."

"Wazimu gani?"

"Mwislamu mmoja wa sikio nusu. Sisi tulimuita Nusu Sikio. Alikuwa anakuja kila mwaka na sukari. Anasimama hapo, anamsalimia mama kwa Kiturkana. Kiturkana yake ilikuwa matusi. Matusi tupu, na anatabasamu. Halafu anajipiga kifua, anasema, 'Mimi ni Ekai.' Mama anamwambia, Ekai namjua, si wewe. Anasema tena, 'Mimi ni Ekai, Ekai ni mimi,' na analia. Mama anamfungulia mbwa. Anakimbia, anaacha sukari. Mwaka ujao yuko hapa tena."

"Mlikula sukari?"

"Sukari ina kosa gani?"

Alikoma kuja wakati wa vita vya shifta huku kaskazini, akasema, barabara ilipokuwa mbaya. Yeye Akai alikuwa ameshaolewa.

Nilirudi mjini moja kwa moja kwa Hawa. Nikamkuta anachambua mchele. Sikumwambia lolote, nilimuuliza tu kama baba yake alikuwa na alama yoyote mwilini. Vijana, daima ulizeni alama. Jina hubadilika, kovu halibadiliki.

"Sikio," Hawa akasema. "Nusu ililiwa na nyumbu huko Burma."

Nikaketi kwenye gunia la mchele bila kukaribishwa. Nikamuuliza kama alikuwa na shughuli Ngaremara.

"Mbuzi. Kila mwaka alikwenda kununua mbuzi. Mama alikuwa anakasirika sana, kwa sababu alirudi bila mbuzi, bila sukari ya nyumbani, na shati limechanika. Alisema mbuzi wa kule ni wakali."

Nilipomaliza kumwambia ya Akai, Hawa aliuacha mchele, maneno yakamtoka moja moja, mambo aliyoyasikia utotoni akadhani ni mzaha wa baba. Alipoandikishwa, Mwingereza alimtia jikoni kwa maofisa. Asubuhi ya kwanza akapewa nyama ya nguruwe aikaange. Aliikaanga amefumba macho, anasoma dua, akaunguza mkono na nyama yote. Wakati huo huo rafiki yake mmoja alikuwa amekabidhiwa nyumbu, naye amepanda juu ya mti hataki kushuka. Kila askari alivaa kibati cha jina na namba shingoni, na wakubwa walisoma vibati, hawakusoma sura. Basi wawili hao wakabadilishana vibati. Mmoja akaenda kwa furaha jikoni, mwingine kwa furaha kwa nyumbu.

"Alikuwa anasema, 'Mimi nimeshazikwa, sina haraka ya kuzikwa tena,'" Hawa akasema. "Alisema alisimama kwenye maziko yake na kuitikia amina. Tulikuwa tunacheka."

Ekai, mpishi mpya, alipokufa kwa homa, kibati kilisema Jama Warsame, Mwislamu. Kama Jama angefungua mdomo, angeshtakiwa kwa udanganyifu. Akanyamaza, akarudi nyumbani na karatasi za Ekai, na hapa mjini hakuna aliyemuuliza karatasi kwa kuwa wote walimjua kwa sura. Aliyebaki kujulishwa ni mke wa Ekai. Hakuthubutu kutumia mkalimani, siri isitoke. Akaenda na Kiturkana alichofundishwa na Ekai mwenyewe jikoni, na Ekai, inaonekana, alikuwa mtu wa mzaha.

Jumanne nikampeleka Hawa Ngaremara. Abdirashid aliendesha. Hawa alibeba picha ya baba yake, mzee wa kofia, ameketi upande mmoja ili sikio lionekane zima, lakini mpiga picha alikuwa amemgeuza vibaya.

Akai aliishika picha mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu ndiye wazimu wetu," akasema.

"Ni baba yangu," Hawa akasema.

Nikaeleza, taratibu, nikirudia pale alipotaka nirudie. Nilipofika kwenye kibati, Akai aliinua mkono ninyamaze. Chai ilichemka ikamwagika kwenye moto na hakuna aliyeiepua.

"Kwa hivyo alikuwa anasema ukweli," akasema hatimaye. "Alikuwa Ekai."

"Kwenye karatasi."

"Na baba yangu hakuwa town."

"Hapana, Mama. Hakurudi kabisa."

Akai akamtazama Hawa. "Nilirushia baba yako mawe," akasema. "Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na shabaha."

Hawa akashika mkono wake. "Alirudi kila mara," akasema. "Mawe hayakumzuia."

Abdirashid akauliza kama tupeleke maombi ya kulisahihisha lile kaburi la Burma, lenye jina la babu yake na mwili wa Ekai. Akai alikataa. Alisema Waislamu wamemwombea mtu huyo tangu siku ile, na jamaa zake mwenyewe wamemtukana tangu siku ile, na kwa hiyo aachwe kwa wale waliomtendea wema. Kisha akazima moto wa chai, akavua shanga zake kama mfiwa, akamtuma jirani aite watu.

Mnataka kujua mambo ya karatasi yaliishaje. Hayakuisha. Kwenye rekodi Jama bado amekufa Burma, na Ekai bado amerudi salama. Kamati ilibishana mpaka wazee wawili wakagombana, na Mzee Farah mwenyewe akaamua. Jama akaandikwa upande wa waliorudi, na Ekai upande wa waliokufa, Mturkana pekee kwenye ukuta ule, kwa sababu, alisema Farah, huyu mtu amekuwa Mwislamu wa kaburini kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tulivyokuwa Waislamu wa duniani. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Hawa kumwomba radhi kwa yaliyosemwa juu ya marehemu mama yake, na Hawa akampa chai, ingawa alimkawiza kidogo kabla ya kuileta. Hawa sasa amerudi harusini. Abdirashid alifuta bunduki mlangoni mwa lori akachorewa nyumbu. Mchoraji hakuwahi kumwona nyumbu wa namna hiyo, kwa hiyo babu anaonekana amemshika ng'ombe mwenye masikio marefu.

Jumamosi ya wiki ile ya kwanza tulikuwa wote Ngaremara kwenye matanga. Lori lilileta viti na watu wa mjini. Hawa alikaa na wafiwa, bega kwa bega na Akai aliyekuwa amenyolewa kichwa. Pasta wa pale, kijana aliyehamia karibuni, alipita na kalamu kutayarisha ibada, akaomba jina la marehemu. Akapewa. Akauliza, "Na alikufa lini?"

Mzee Farah akakohoa, akaanza, "Kwa mujibu wa rekodi za jeshi..."

"Jumanne," Akai akasema.

Pasta akainua macho. Mzee Farah akanitazama mimi, mtu wa faili, nitoe uamuzi.

"Andika Jumanne," nikamwambia. Naye akaandika.